Bakuli la jirani limerudi tupu, nyumba nzima hatuelewani

Shangazi shikamoo,

Nakusoma siku nyingi ila leo ndo nimeamua kuandika maana hapa nyumbani hakukaliki, na kisa chenyewe ni bakuli. Bakuli tu la plastiki lenye mfuniko wa bluu.

Tunakaa Mbagala, nyumba ya kupanga, familia nne ua mmoja, luku moja tunachangia. Mimi kwetu Pangani, mume wangu mtu wa bara, fundi umeme, mpole hana neno na mtu. Mwaka jana kuna mama alihamia chumba cha mbele na watoto wake wawili wakubwa, huyo mama anapika Shangazi, akikaanga kitunguu tu uani kila mtu anatoa kichwa mlangoni. Siku aliyohamia hata mizigo hajamaliza kupanga akatuletea vitumbua vya moto kwenye lile bakuli, akasema muonje jirani. Sasa mi nimelelewa kwamba chombo cha mtu hakirudi kitupu, bibi yangu alikua anasema hata kama huna kitu weka chumvi. Kwaiyo baada ya siku mbili nikapika maharage ya nazi, nikaweka kwenye bakuli lake, nikarudisha.

Hapo ndo moto ulipowaka. Wiki iliyofuata akaleta pilau, alaf sio kwenye bakuli, kwenye hotipoti! Lile kubwa la familia. Nikasema mmh. Hotipoti kama lile utarudisha na nini, ukiweka chapati mbili zinagongana humo ndani kila mtu anasikia. Nikanunua kuku, nikapika kuku wa kupaka na wali wa nazi nikajaza mpaka mfuniko ukagoma kufunga. Yeye akaja na biriani. Mi nikaona hotipoti lake peke yake halitoshi, nikarudisha lake na langu juu, moja wali moja mchuzi. Siku ya siku nafungua mlango namuona kashika sufuria, mchuzi wa pweza. Shangazi, pweza! Mume wangu akaniuliza hivi sisi na huyu mama tumefungua hoteli? Maana ikawa siku ya zamu yake tunakula kama harusini, siku ya zamu yangu watoto wanakula mchicha ili nyama iende kwa jirani, na tarehe kumi na tano hela ya matumizi imeshakata.

Sufuria la pweza nikalirudisha na sambusa na nyama choma, hela nimekopa kikoba. Mume wangu alipojua alikaa kimya siku nzima.

Sa juzi kati yule mama kaleta mihogo ya nazi kwenye lile bakuli la bluu. Tukala, tukamaliza. Mi nikalala na mtoto. Kumbe mwenzangu kaliosha bakuli, kalifuta na kitambaa likakauka kabisa, saa tatu usiku kaenda kugonga kwa jirani kampa mkononi, "Asante sana jirani, chakula kilikua kitamu," akarudi akalala fofofo.

Asubuhi nakutana na jirani bombani namsalimia, ananijibu anaangalia ndoo. Hela ya luku alikua anakuja kunipa mwenyewe tunapiga stori, safari hii katuma mtoto. Basi kesi ikahamia uani. Bibi mwenye nyumba anasema kurudisha chombo kitupu ni kumwambia mtu asilete tena. Dada wa saluni anasema hayo mambo ya zamani, ukiosha chombo vizuri umemaliza, mbona kuna watu wanarudisha na ukoko na wengine hawarudishi kabisa. Kijana wa bodaboda yeye anasema kosa ni kurudisha na chakula, eti umempa mtu ili akupe hiyo sasa si zawadi ni biashara. Nikapeleka kwenye grupu la ukoo ndo nikaharibu kabisa, mjomba wa Tanga anataka mume wangu alipe faini, wifi aliyeolewa Nairobi anasema hata Wakikuyu kiondo cha mgeni hakirudi kitupu, shemeji yangu anauliza hiyo sheria imeandikwa wapi aoneshwe. Voisi mpaka saa sita usiku.

Mume wangu hajutii, anasema kaishukuru familia kwa heshima na kaokoa bajeti. Shangazi kakosea au hajakosea? Niende kwa jirani au ntaonekana najipendekeza? Nikienda niende na nini maana sina hela ya pweza. Na hotipoti langu, lile lenye alama ya rangi ya kucha nyekundu kwa chini, bado liko kwake, nalidaije?

Mama Wawili, Mbagala


Marahaba mwanangu,

Nakujibu kwa urefu kwa sababu hili jambo nalithamini, mahusiano ya majirani wengi niliowahi kuona yakivunjika yalivunjikia kwenye vyombo na maji ya bombani, hela mara chache sana.

Mumeo kakosea. Lakini kakosea padogo kuliko mnavyobishana huko kwenye grupu, na kosa kubwa la hii habari lilianza mapema sana, siku uliyonunua kuku.

Bibi yako alikufundisha sheria yote ilivyo, kamili, ila wewe ukachukua nusu. Alisema chombo kisirudi kitupu. Hakusema kirudi kimejaa. Na akakupa na kipimo chake kabisa, chumvi! Kwetu pwani watu wamerudisha sahani na ndimu tatu, na sukari iliyofungwa kwenye karatasi, na mayai mawili, na embe msimu wa embe, na majani ya mchaichai yaliyochumwa hapohapo uani, na hakuna aliyesema mbona kaleta kidogo. Ni vitu ambavyo tayari viko jikoni kwako, havikutoi kwenda buchani, wala havigusi hela ya mtu. Kile kitu kidogo kwenye sahani kinasema tumekula, tuko salama, mlango uko wazi. Ndimu inaweza kusema hayo yote vizuri tu, tena kuliko kuku.

Na kama nyie ni Waislamu basi mnayo dalili nzito kuliko voisi za mjomba. Mtume alimuusia Abu Dharr akipika mchuzi azidishe maji yake awakumbuke majirani zake. Maji, mwanangu, hakuambiwa azidishe nyama. Na akawaambia wanawake jirani asidharau cha jirani yake hata kikiwa ukwato wa mbuzi. Ukwato! Sasa wewe na huyo mama mmetoka kwenye ukwato mkafika kwenye pweza ndani ya miezi, lazima mtu angechoka, na mumeo ndo aliyechoka wa kwanza kwa sababu ndo anayeona hela ikitoka.

Mi nalilaumu sana hotipoti. Hotipoti ni chombo cha kupelekea mgonjwa hospitali, au cha shughuli, au cha safari ndefu, chakula kifike cha moto. Kumpelekea jirani ambaye ukikohoa anakwambia pole hotipoti la familia ni kumbebesha mzigo, maana ukubwa wa chombo ndo unaopanga kitakachorudi. Zamani sahani moja ilifunikwa kawa, mtoto akapewa na kuambiwa usikimbie usionje njiani, ikafika watu wakachovya kidogo kila mmoja, basi. Huwezi kushindana kwenye sahani moja, pa kushindania hapapo. Alaf hata ile mifuko ya rambo ilikua inatuokoa, mtu anafungiwa pilau ya shughuli anaondoka nayo hakuna cha kurudisha, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 kila chakula kinatembea na chombo na kila chombo kina mwenyewe anayekisubiri. Ndo maana hii kesi yenu nyumba nyingi sa hivi wanayo, sema tu hawajaandika.

Nije kwa wazee wa baraza la uani. Dada wa saluni ana haki yake, usafi unaanza. Chombo kirudi kimeoshwa ndani nje, mfuniko wake juu, hakina harufu ya dagaa. Anayerudisha na ukoko hata akiweka asali juu yake kaharibu, na asiyerudisha kabisa huyo hana la kuchangia kwenye huu mjadala akae kimya. Na iko mahali ambapo kitupu hakina ubaya wowote naomba hili lieleweke: aliyefiwa hadaiwi kitu, mgonjwa hadaiwi, mama aliyejifungua yuko ndani na siku zake arobaini hadaiwi, mpelekee uji na supu, ukirudishiwa chombo kitupu shukuru, tena mfuate mwenyewe ukachukue asisumbuke kukuletea. Mwanafunzi wa geto vilevile, muacheni. Lakini nyie wenye afya zenu, jikoni kunawaka kila siku, ndimu mnayo, mna kisingizio gani?

Kijana wa bodaboda nimemfikiria sana kwa sababu hoja yake ina akili, umempa mtu ili akupe ni biashara. Ila naona kachanganya. Kwenye biashara watu wanalipana ili kila mmoja aondoke hana deni, ndo raha ya biashara. Ujirani hakuna anayetaka kumaliza deni, tunaachiana vijideni vidogo ili kesho mtu awe na sababu ya kubisha hodi. Mla cha mwenzie na chake huliwa, na hiyo "huliwa" haina tarehe wala kilo. Nyie mlipoanza kupimana, pilau kwa kuku, biriani kwa hotipoti mbili, hapo kweli ikawa biashara na kijana angekua sahihi kabisa. Kukopa kikoba ili umjibu jirani, na watoto wako wale mchicha mtupu ili nyama ivuke ua, hapana mwanangu, hilo sikusifii hata kidogo. Kutoa ni moyo usambe ni utajiri, na moyo hauombi mkopo.

Sasa nirudi kwa mumeo. Bakuli tupu peke yake lingesameheka, yeye ni mtu wa bara na mjini watu tumechanganyika kila mtu na malezi yake. Ila angalia alivyofanya: saa tatu usiku, wewe umelala, mwanaume kasimama mlangoni kwa mama ambaye hujaandika kama ana mume, bakuli limefutwa mpaka kukauka, na shukrani imetolewa kwa sauti rasmi kama ya kufunga kikao. Mwanamke wa pwani akipokea hivo haambiwi mara mbili. Bibi mwenye nyumba kalisoma sawasawa lile bakuli, na jirani yako kalisoma hivohivo.

Na iko sehemu kwenye barua yako ambayo nilisimama hapo muda mrefu, wewe umeiandika ukaipita haraka. Mihogo ya nazi. Kwenye bakuli la bluu. Huyu mama katoka pilau, biriani, pweza kwa sufuria, alaf ghafla kaleta mihogo kwenye bakuli lilelile la vitumbua la siku ya kwanza. Hivi unadhani mtu anayepika namna hiyo kakosa la kupika? Yule alikua anashuka. Na yeye kachoka, na yeye ana bajeti, ana watoto wawili wakubwa wanaokula, kaona hizi sambusa na nyama choma ntazijibu na nini tena, akachagua kuteremka kistaarabu bila kumuaibisha mtu, kaleta chakula cha kawaida kwenye chombo cha kawaida ili na wewe upate nafasi ya kurudisha cha kawaida. Kakufungulia mlango uliokua unautafuta. Na siku hiyohiyo ndo bakuli likarudi limekauka. Kwake yeye maana yake nini? Kwamba alipoleta vya bei mlijibu, alipoleta mihogo mkamrudishia bakuli tupu. Mi ningeumia pia. Na hili mueleze mumeo taratibu mkiwa wawili, usimsomee mbele ya shemeji, naamini ataelewa maana umesema ni mpole, na fundi anajua kwamba waya mwembamba ukiupa mzigo mkubwa unaungua.

Kwaiyo nenda. Sio kujipendekeza, wewe ndo uliyefundishwa hii sheria kwahiyo wewe ndo unayetakiwa kuirekebisha. Nenda mwenyewe usitume mtoto, nenda alasiri kazi zimepungua, yule mtu kakaa kwenye kizingiti anachambua mboga au anapepeta mchele. Chukua kibakuli chako kidogo, kile cha kachumbari, weka kisamvu cha nazi au maandazi manne ya asubuhi, chochote ambacho siku hiyo nyie wenyewe mnakula. Ukipika maalum umeharibu, ataona vita imeanza upya. Mwambie, "Jirani, juzi bakuli lako lilirudi halina kitu mi nlikua nimelala, mihogo yako tuligombania." Usimshtaki mumeo, usianze hadithi ya kikoba. Alaf kaa, shika ungo umsaidie kuchambua, hapo mikono iko kazini maneno yanatoka yenyewe. Mkishacheka kidogo mwambie waziwazi, jirani tupeane vya kuonja tu, hayo mapweza tuyaache ya Idi. Nakuhakikishia atashusha pumzi. Mumeo naye asijifiche, akipita amsalimie kama zamani na aseme ile mihogo ilikua mitamu, mchana, uani, watu wanasikia.

Hotipoti sasa. Wewe unafikiri kalishikilia. Mi naona halijarudi kwa sababu na yeye anafuata sheria yako hiyohiyo, limekaa juu ya kabati lake analiangalia kila siku anawaza cha kulijazia, na lilivyo kubwa! Kwaiyo usitume mtoto na usilidai. Siku hiyohiyo mkishaelewana muombe mwenyewe, "Lile hotipoti langu naomba unipe hivohivo tupu jirani, ntalihitaji." Hilo linaruhusiwa, mwenye chombo ana haki ya kusamehe. Akikupa tupu kwa ruhusa yako mmekua sawa, bakuli lake lilirudi tupu na hotipoti lako limerudi tupu, na safari hii hakuna aliyenuna.

Akikataa, akakwambia subiri, akalijaza biriani, basi pokeeni mle. Chombo ni chako, kimefika kwa mwenyewe, huna cha kurudisha kwa mtu. Lioshe, angalia kama ile alama ya rangi ya kucha haijafutika uipake tena, alaf liweke chini ya kitanda lisubiri shughuli.